Friji Iliyofichwa kwa Jirani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ni zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa, lakini nimeitundika sebuleni hapa mtaani Jericho na inakwenda vizuri. Niliigeuza kwanza nikaangalia nyuma kama mmetia betri. Hamkuwa mmetia.

Mkaniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi ilivyokuwa, nyinyi mnaobaki katika ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini. Habari za kupandishwa vyeo sitaziandika, maana ni fupi. Nitaandika yaliyonifundisha, na moja lililonikasirisha ambalo hadi leo nikilikumbuka chai inapoa mkononi.

Siku ya kwanza nilielekezwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Ofisi ilinuka sabuni ya magadi kiasi kwamba mtu angedhani humo ndani mnasafishwa dhambi. Mkuu wangu alikuwa Bi. Rhoda, mwanamke mfupi kutoka Machakos, mwenye viatu vya chini na mwavuli ambao aliubeba hata jua likiwaka. Nilipomuuliza mwavuli ni wa nini, akasema ni wa kufukuzia mbwa.

"Kazi yetu ni nini?" akaniuliza kabla sijapata pa kukaa.

"Kusaidia wagonjwa wasiojiweza, Madam."

"Hapana. Kazi yetu ni kuamua nani hajiwezi. Kusaidia kunataka pesa, na hapa unaona pesa?"

Nikaangalia. Niliona birika na kalenda ya mwaka uliopita.

Mnaijua kazi yenyewe, lakini niieleze kwa wageni watakaosoma. Mgonjwa akitibiwa akashindwa kulipa, bili yake hupelekwa kwa kamati ya msamaha. Kamati haimwamini mtu kwa maneno, kwa hivyo mmoja wetu huenda kwake nyumbani kuhakikisha kwamba kweli ni maskini. Tunakwenda na fomu. Fomu inauliza sakafu ni ya nini, paa ni la nini, kuna redio, kuna televisheni, kuna kochi, kuna friji? Kila ukiandika "ndiyo", umaskini wa mtu unapungua, na bili yake inabaki palepale.

Bi. Rhoda alinipa amri mbili. Ya kwanza, usinywe chai ya mwenye nyumba, maana huenda ndiyo majani ya mwisho. Ya pili: "Usikalie kochi kabla hujajua ni la nani." Hiyo ya pili sikuielewa. Nilidhani ni mambo ya kunguni.

Niliielewa asubuhi moja huko Makongeni. Tulikuwa na nyumba mbili za kukagua, zimepakana, kila moja ina mgonjwa wake wodini. Kwa bahati mbaya yao, hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kwamba sisi tunakuja. Nyumba ya kwanza ilikuwa tupu kabisa, ila juu ya meza palikuwa na mraba msafi katikati ya vumbi, kama mahali palipoondolewa kitu jana usiku. Tukaingia nyumba ya pili. Televisheni mbili, moja juu ya nyingine.

"Mama, hizi zote ni zako?" Bi. Rhoda akauliza.

Yule mama alipangusa televisheni ya juu kwa leso. Kumkana jirani hakutaka, na kuwa tajiri hakutaka. "Ni zangu, Madam. Lakini hii ya juu ina picha haina sauti. Ya chini ina sauti haina picha."

Bi. Rhoda akaziangalia kwa heshima. Akaandika kwenye fomu: televisheni moja, kwa jumla.

Tulicheka hadi Jogoo Road, na nawaruhusu nyinyi pia mcheke, kazi hii bila kicheko itawamaliza. Lakini jioni niliona jambo ambalo halikuchekesha. Tulikuwa tunawafundisha watu kwamba kuwa maskini hakutoshi. Lazima ujipange uonekane maskini. Kila kitu ulichokipigania, kochi la mkopo, redio ya marehemu baba, ukitoe nje usiku kama mwizi wa mali yako mwenyewe. Kisha mtu kama mimi aje na kalamu, akague kama umejivua vya kutosha.

Bi. Rhoda alistaafu, mwavuli akaniachia, na ikaja ile kesi iliyonikasirisha.

Nekesa alikuwa msichana wa darasa la sita, wa Makongeni hukohuko. Aliletwa hospitalini akiwa amezimia, na daktari akasema ni kisukari kile cha watoto, ambacho hakina kupona. Atadungwa insulini asubuhi na jioni maisha yake yote. Mama yake alikuwa kibarua Industrial Area, anapanga chupa kiwandani siku wanapomwita, na siku wasipomwita anauza mandazi. Aliambiwa dawa ile ni ya kukaa kwenye baridi. Basi wanawake wa chama chake cha akiba wakachanga, na yeye akaenda soko la Gikomba akapigania bei ya friji kuukuu, ndogo kama kabati la viatu, ambayo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Aliniambia bei aliyotajiwa na bei aliyolipa. Mimi mwenyewe nisingefika pale, na mimi si mtu wa kulipa bei ya kwanza.

Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani na chupa zake za insulini, bili ikabaki, na kitambulisho cha mama kikabaki nayo kama dhamana. Nikamwambia nitakuja kukagua Jumanne.

Jumanne gari la hospitali halikuwa na mafuta. Jumanne iliyofuata lilikuwa na mafuta, lakini lilikwenda kumchukua mgeni fulani uwanja wa ndege. Jumanne ya tatu nilichukua mwavuli nikaenda kwa miguu.

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Kitanda, viti viwili, jiko, sufuria. Nekesa alikuwa amejilaza na shuka hadi kidevuni, akinywa maji kikombe baada ya kikombe. Midomo imepasuka. Nilipoinama kumsalimia nilisikia harufu kwenye pumzi yake, tamu kama ya ndizi iliyooza. Mliokaa wodi ile mnaijua harufu hiyo, ya sukari iliyopanda kupita kiasi.

"Mama Nekesa, anadungwa?"

"Kila siku, Madam. Asubuhi na jioni. Hatujaruka hata mara moja."

"Dawa mnaweka wapi?"

"Mahali pa baridi."

"Wapi? Friji iko wapi?"

"Friji gani, Madam? Sisi ni watu wa kuwa na friji?"

Pembeni ya mlango, sakafuni, palikuwa na alama nne za miguu. Nilizitazama, naye akaona nazitazama.

"Mama, mwambie tu," Nekesa akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Iko kwa Mzee Mutua."

Mzee Mutua alikuwa jirani, mchongaji wa vigoda vya kuuzia watalii. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, hakina stima, ndani moto wa kukausha mbao. Friji ilikuwa huko katikati ya vumbi la randa, imefunikwa leso, waya wake umekunjwa vizuri juu. Nikafungua ile blada. Chupa za insulini zilikuwa za moto mkononi mwangu kama mayai yaliyotoka kuchemshwa.

Wanawake wa pale bombani walikuwa wamemwambia mama Nekesa: wakiona friji, umekwisha. Na hawakumdanganya. Fomu ilisema hivyohivyo, kwa lugha ya ofisi.

"Nilijua mnakuja Jumanne," mama yule akaniambia. Hakuwa analia. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayemweleza fundi. "Hamkuja. Nikaogopa kuirudisha, mje mnikute nayo."

Siku zote hizo alikuwa amemdunga mtoto wake kwa saa zilezile alizofundishwa, bila kukosea, dawa iliyokufa kwa joto.

Mzee Mutua alimwaga vigoda vyake chini, akaleta mkokoteni. "Muweke hapa. Wewe Madam, tangulia na huo mwavuli, watu wapishe." Hivyo ndivyo tulivyofika barabarani kupata gari. Nekesa aliponea chupuchupu. Bili ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Nikaenda mbele ya kamati nikiwa nimejiandaa. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye tai, mpole kiasi cha kukutia hasira.

"Madam, hapa kwenye friji umeandika 'dawa'. Fomu inataka ndiyo au la."

"Ndiyo. Ipo kwa sababu ya insulini."

"Lakini fomu haina nafasi ya kilicho ndani."

"Basi tuongeze nafasi."

"Hilo si la kamati hii."

"Ni la kamati gani?"

Wakatazamana. Nikahesabu wajumbe, nikahesabu tena, hakuna hata mmoja aliyejua. Ombi likakataliwa: familia ina friji. Mwenyekiti akanisindikiza mlangoni, akaniambia kwa upole, "Kwa nini wasifanye harambee? Watu wetu wana moyo."

Wana moyo, ni kweli. Siku ya harambee ukumbi ulijaa. Mgeni wa heshima alikuwa Kioko, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Umoja. Nekesa aliwekwa kwenye kiti mbele akiwa na sare ya shule, akaambiwa apandishe sweta aonyeshe tumboni anapodungwa. Mtoto wa kike, mbele ya ukumbi mzima, na wavulana wa darasa lake wamesimama dirishani. Kioko akashika kipaza sauti, akalipa bili iliyobaki yote, akaahidi na insulini ya kila mwezi. Vigelegele vikapigwa. Nilipiga makofi kama wengine, na kitambulisho cha mama kikarudi.

Kioko si mtu mbaya, na ndiyo sababu namwandika. Mtu mbaya angekuwa rahisi. Kila mwisho wa mwezi Nekesa alikwenda dukani kwake, naye alimpa pesa ya dawa, lakini kwanza wateja wajulishwe. "Huyu ndiye mtoto wangu wa sukari. Salimia watu, Nekesa." Nekesa akasalimia. Miezi ikaenda. Halafu ikawa rudi kesho. Halafu nusu. Halafu Kioko akafiwa na shangazi, na mama Nekesa hakwenda kupika matangani kwa sababu siku hiyo kiwandani waliitwa. Mwezi uliofuata Nekesa alisimama dukani hadi watu wakaisha, na hakuna aliyemwambia asalimie.

Nikaenda mimi. Nilianza na misumari, kwa sababu mtu huanza na kitu. Nikamshusha bei, akalia, nikamshusha tena. Kisha nikamuuliza habari ya mtoto.

"Madam, sijakataa. Nimechoka tu. Kwani mtu hachoki?"

"Unachoka. Ugonjwa wake hauchoki."

"Sasa ni lazima? Hii ni nchi huru, tunapiga kura. Mimi nikitoa, natoa kwa moyo. Ukinilazimisha, huo ni wizi. Serikali inanikata kodi huku, inanikata kule, ya nani, sijui. Hilo shimo hapo nje umeliona? Lingekuwa mtoto, lingekuwa limeshaanza shule."

Nililiona. Nililiruka nikija, na karibu linivue viatu.

"Na moyo ukikataa, Kioko?"

"Basi umekataa. Kuna wengine wenye mioyo."

"Sawa. Nipimie misumari. Nitakulipa nikijisikia."

Akacheka sana. "Wee Madam! Misumari ni biashara."

"Kumbe lazima unaijua."

Akaacha kucheka. "Hiyo ni tofauti," akasema. Nikamwambia anieleze tofauti nimsikilize, niko na muda. Alihudumia mteja wa mabati, akahudumia mteja wa rangi, kisha akanipimia misumari. Misumari nililipa. Pesa ya dawa hakutoa.

Sasa nisikilizeni, nyinyi mnaoanza. Nimewasikia mkibishana kwenye chai kama ni haki, katika nchi ya watu wanaojichagulia viongozi, mtu kulazimishwa kumlipia asiyemjua. Mmoja wenu alisema wanaolipa kodi wamechoka kuwabeba wasiolipa. Nilitaka kumwagia ile chai. Mama Nekesa hakuwahi kulipa kodi? Alilipa kwenye sabuni. Alilipa kwenye muda wa simu aliotumia kunipigia kuniuliza mbona sijakuja Jumanne. Alikuwa analipa kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, na hakuna aliyempa kipaza sauti ajisifu. Halafu alipougua mtoto wake akaambiwa yeye ni mzigo, ajivue tumuone.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo. Walazimishwe. Nilazimishwe mimi, alazimishwe Kioko, kila mtu kwa uwezo wake. Moyo wa mtu ni mzuri kwa jambo la mara moja, mazishi, nyumba iliyoungua. Kisukari hakisubiri mtu afurahi. Na mtu akikusaidia kwa hisani yake, utamuuliza nini siku akiacha? Huna pa kusimama. Kioko hakuchaguliwa na mtu, hawezi kuangushwa na mtu. Lakini kitu kikiwa kimekatwa kwa sheria, kwangu na kwako, na aliyekikata alikuja kuniomba kura, huyo nina neno naye.

Na hapo ndipo hasira yangu inapogeuka upande wa pili, msije mkadhani nimesahau. Wanaochukua kile kilichokatwa kikafia njiani, wanaosafirisha wageni kwa gari ambalo lingekwenda Makongeni, wanaoacha dirisha la dawa tupu, hao ndio wanaomfanya Kioko aonekane mwenye hekima. Kila anayeiba dawa moja anampa Kioko hoja moja. Ninyi mkiwaona mkanyamaza kwa sababu ya kazi, basi msije kunifundisha mambo ya haki.

Nekesa alikua. Mnataka kujua alikua vipi, na jibu ni kwa shida: mwezi huu chama, mwezi ule kanisa, mwezi mwingine vigoda vya Mzee Mutua, na mara mbili tena wodini. Friji mama yake hakuificha tena. Aliirudisha pale mlangoni, ukiingia lazima uipishe, na mkaguzi aliyetaka kuiandika aliandika.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja ofisini, mwanamke mzima mwenye ovaroli ya kiwanda, ameandikwa kazi ya kudumu.

"Madam, angalia. Wamenikata." Akaniwekea karatasi ya mshahara mezani. "Hii ya matibabu, hii ya nyumba, hii sijui ni ya nini."

Nikajiandaa kusikia maombolezo, maana kila anayekatwa mara ya kwanza huja hivyo. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Sasa sina mtu wa kusalimia," akasema.

Tukaenda pamoja hadi dirisha la dawa. Mliokuwa zamu siku hiyo mnalikumbuka lililotokea, lakini mnalisimulia vibaya, kwa hivyo nalirekebisha.

Karani hakuinua kichwa. "Insulini imeisha. Rudi wiki ijayo."

Miaka yangu yote nimesimama karibu na dirisha lile. Nimesikia watu wakiomba, wakilia, wakimtaja Mungu, wakitaja jina la mjomba anayemjua mkubwa fulani. Sikuwahi kusikia nilichokisikia.

"Imeisha imeenda wapi?" Nekesa akauliza. Kisha kwa sauti iliyofika hadi chumba cha mashuka: "Nimelipa! Nimekatwa mwezi uliopita na huu. Iko wapi?"

Karani akanitazama mimi. "Madam, huyu si ni wako? Mwambie apunguze sauti."

"Si wangu," nikasema. "Ni mwajiri wako."

Foleni ikacheka. Nyuma kabisa, mama mmoja mzee aliyeshika kadi yake kwa mikono miwili akasema, "Hata mimi nalipa. Kwa unga nalipa." Na mwanamume mwingine, "Toeni dawa bana! Tumekatwa sote." Kelele zikapanda. Mlinzi alikuja, akasikiliza, akakumbuka naye hukatwa, akasimama pembeni.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Kumbe kulikuwa na friji nyingine huko nyuma, iliyowekewa wakubwa na watu wao. Karani akarudi na chupa mbili, baridi, zina jasho la baridi, akazisukuma kwenye dirisha. Foleni haikutawanyika, na dawa ya yule mama mzee nayo ikapatikana.

Mkisikia kelele dirishani baada yangu, msikimbilie kunyamazisha. Nendeni mkasimame upande wa anayepiga kelele, mkague kama kuna friji nyuma.

Nekesa alizichukua zile chupa, akazihesabu, akazihesabu tena, akazitia mfukoni, akaondoka bila kusema asante.